SOMO: SINAGOGI LILILOJENGWA NA WAKIMBIZI



Mnakumbuka kikao cha ujenzi kilivyovunjika. Ndugu wa upande mmoja walisema tufyatue matofali, tuyachome, tuezeke mabati, maana turubai letu limekuwa chujio na watoto wa shule ya Jumapili wanalowa kila mvua. Ndugu wa upande wa pili wakajibu kwamba anayejenga kwa tofali la kuchoma amekwisha kukubali kuzikwa hapa. Ndipo mama mmoja, mzee kuliko sisi sote, aliposimama na kuuliza: "Mkiisha kujenga, nani atakumbuka kunirudisha kwetu?" Hakuna aliyemjibu. Na sisi wachungaji tuliinamisha vichwa.

Wazee wa kanisa wametuomba tuandike somo litakalosaidia kikao kijacho. Tungeweza kufungua Yeremia 29 moja kwa moja, ile barua ya nabii kwa watu waliohamishwa Babeli. Lakini sura hiyo imekwisha kuhubiriwa hapa mara nyingi, na kila upande unachukua nusu yake: hawa wanashika mstari wa 5 unaosema habari ya kujenga, wale wanashika mstari wa 10 unaosema habari ya kurudi. Kwa hiyo tumeona heri tuwaletee nyumba moja ambayo ipo hata leo, iliyojengwa na watu waliobishana na nafsi zao kama tunavyobishana sisi. Ni sinagogi la Wayahudi wa Kireno katika mji wa Amsterdam, Uholanzi, lililomalizika mwaka 1675. Wenyewe huliita Esnoga.

Kwanza tukumbushane sinagogi ni nini. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa jambo hili kwa kipindi kimoja tu, kisha mwalimu akakimbilia safari za Paulo, nasi tukatoka darasani tukidhani ni "kanisa la Wayahudi", basi. Neno hilo ni la Kiyunani na maana yake ni mkusanyiko. Hekalu lilikuwa moja, Yerusalemu, na dhabihu zilitolewa huko. Sinagogi linaweza kuwa popote penye watu. Halina madhabahu ya kuchinjia. Linahitaji gombo la Torati, mahali pa kulisomea, na watu wa kusikiliza. Wengi wanaamini desturi hii ilianzia uhamishoni Babeli, ingawa mabaki ya majengo yaliyochimbuliwa ni ya karne za baadaye sana.

Kuna jiwe moja lililochimbuliwa Yerusalemu karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, lenye maandishi ya Kiyunani. Linataja kuhani aitwaye Theodotos aliyejenga sinagogi, tena linaeleza kazi yake: kusoma Torati, kufundisha amri, na pamoja na hayo vyumba vya wageni na maji kwa wahitaji watokao nchi za mbali. Tulipolisoma jambo hili tulisimama kidogo. Sinagogi lilikuwa na mahali pa kulala mgeni na maji.

Sasa turudi kwa watu wetu wa Amsterdam. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote wasiokubali kubatizwa. Wengi walivuka mpaka wakaingia Ureno, kama watu wanavyovuka mto usiku. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1497, mfalme wa Ureno aliwabatiza kwa nguvu. Watoto walinyang'anywa mikononi mwa wazazi ili wabatizwe. Tangu hapo waliitwa Wakristo wapya. Jumapili walikwenda misa, na nyumbani wengine walishika yale machache waliyoyakumbuka ya baba zao, milango imefungwa. Mwaka 1536 ikaanzishwa huko Ureno mahakama ya kanisa ya kuwachunguza. Jirani aliweza kumshitaki jirani kwa sababu hakula nyama ya nguruwe au alibadili shuka siku ya Ijumaa. Sisi Wakristo tusiisome habari hii haraka haraka. Waliowatesa walikuwa na msalaba mkononi.

Kuanzia miaka ya 1590 familia moja moja ziliwasili Amsterdam. Mji ulikuwa wa biashara na wa Waprotestanti waliokuwa vitani na Hispania. Haukuwafungia katika mtaa wa lazima wala kuwavalisha alama, lakini haukuwapa uraia kamili, na vyama vingi vya mafundi viliwafungia milango. Walisali katika nyumba za kupanga. Mwaka 1612 kusanyiko moja lilianza kujenga nyumba ya ibada. Wachungaji wa mji wakapiga kelele, na baraza la mji likakataza. Nyumba ile ikawa mali ya Mkristo mmoja, mjumbe wa baraza hilo hilo, naye akawapangisha. Tunaandika hivyo bila kuongeza neno. Anayeishi katika makazi kama haya anajua jinsi kitu ulichokijenga kinavyoweza kuandikwa kwa jina la mwingine.

Mwaka 1639 makusanyiko matatu ya Wareno yaliungana kuwa moja na kupata sinagogi la wazi kando ya mfereji. Mambo yakatulia. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hasa limetufanya tuchague somo hili.

Mwaka 1665 habari zilienea toka Mashariki kwamba Masihi amekuja. Jina lake Sabbatai Zevi, Myahudi wa mji wa Smyrna. Barua zilipita bandari kwa bandari. Wayahudi wa Amsterdam, matajiri kwa maskini, waliamini kwamba saa ya kurudi Yerusalemu imefika. Rabi wao mkuu naye aliamini. Vitabu vya sala vilichapishwa kwa ajili ya siku hizo. Tajiri mmoja, Abraham Pereyra, aliacha shughuli zake akaanza safari. Huko Ujerumani mwanamke Myahudi aitwaye Glikl aliandika baadaye kwamba baba mkwe wake alimpelekea mapipa mawili Hamburg, yamejaa nguo za kitani, njegere, maharage na nyama kavu, ayatunze mpaka meli itakapoondoka. Mapipa yalikaa. Baada ya zaidi ya mwaka mzee akaogopa vyakula vitaoza na kuharibu kitani, akaagiza vitolewe, lakini mapipa yenyewe yaliendelea kusubiri jumla ya miaka mitatu. Mwezi wa Septemba 1666 Sabbatai Zevi aliwekwa mbele ya Sultani wa Uturuki, na akasilimu.

Wapendwa, ni nani hapa ambaye hana pipa lake? Miaka michache iliyopita uvumi ulipita zoni kwa zoni kwamba orodha ya majina imetoka. Watu waliuza mbuzi, wakauza magodoro, wengine hawakupanda msimu ule. Sadaka ya ujenzi tuliyokuwa tumeikusanya kwa miezi minane tuliigawanya, kila mtu akachukua fungu lake la njiani. Sisi wachungaji tuliafiki, tena tulihubiri habari za Kutoka Jumapili tatu mfululizo. Hakuna basi lililokuja. Anayesema leo kwamba hataki kuchanga tena, tunamwelewa.

Rabi wa Amsterdam tuliyemtaja alikuwa Isaac Aboab da Fonseca. Alizaliwa Ureno mwaka 1605 katika familia ya wale waliobatizwa kwa nguvu, akaletwa Amsterdam akiwa mtoto. Mwaka 1642 alikwenda Recife, Brazil, wakati Waholanzi walipoutawala mji huo, akachunga kusanyiko huko. Mwaka 1654 Wareno wakauteka tena, na Wayahudi wakapewa miezi mitatu waondoke. Aboab akarudi Amsterdam, mkimbizi mara ya pili. (Watu 23 kati ya waliotoka Brazil waliangukia mji mdogo wa Waholanzi huko Marekani ya Kaskazini, na ndio mwanzo wa kusanyiko la Wayahudi la New York.) Kisha akaamini habari za Masihi wa uongo, akaaibika pamoja na watu wake. Ni mtu huyo, mwenye umri wa miaka 65, aliyesimama mwaka 1670 na kuwaambia: tujenge.

Kiwanja kilinunuliwa mwezi wa Desemba mwaka huo. Kazi ilianza Aprili 1671 chini ya fundi mkuu Elias Bouman, ambaye hakuwa Myahudi. Walikusudia kumaliza mwaka 1672. Lakini mwaka huo Ufaransa, Uingereza na watawala wawili wa Kijerumani waliishambulia Uholanzi kwa pamoja, na kazi ikasimama. Sinagogi lilifunguliwa tarehe 2 Agosti 1675. Ukisimama leo mlangoni, juu yake utaona maneno ya Kiebrania yaliyotolewa katika Zaburi ya 5, pale mwenye kuomba anapoingia nyumbani mwa Mungu kwa wingi wa fadhili. Katika Biblia yetu ni mstari wa 7, kwa Waebrania wa 8. Herufi zilizotiwa alama hutoa jina la Aboab na mwaka. Mwaka wenyewe ni 1672. Hawakuubadili.

Twende sasa tukaitazame nyumba. Inaanza chini ya maji. Ardhi ya Amsterdam ni tope tupu. Mafundi hupigilia magogo marefu mpaka yafike kwenye mchanga mgumu, na juu ya magogo hayo hujenga matao ya matofali. Gogo likibaki majini siku zote halipati hewa, wala halishikwi upesi na kuoza. Maji yakishuka ndipo linapoharibika. Hata leo mtu anaweza kupita kwa mtumbwi chini ya sinagogi na kukagua msingi. Fundi wetu wa hapa alitikisa kichwa tulipomweleza. Yeye hulia na mchwa.

Nyumba kubwa imesimama peke yake katikati ya ua, ni mraba mrefu wa matofali yenye rangi nyekundu ya giza. Kuizunguka kuna majengo mafupi: maktaba, ofisi, nyumba za watumishi, mahali pa kuoshea maiti. Yaani mtoto alisoma humo, na mzee aliagwa humo. Maktaba hiyo, Ets Haim, ilianza mwaka 1616, ikawekwa mwaka 2003 katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya kumbukumbu za dunia. Kuta za nje zina mihimili mizito ya kuzitegemeza, na wataalamu huona humo mfano wa Hekalu la Sulemani uliotengenezwa kwa mbao na mwalimu wa kusanyiko lile, Jacob Judah Leon. Mfano huo ulimpa sifa hata watu wakamwita Templo, yaani Hekalu.

Ukiingia, unakanyaga mchanga. Sakafu ni ya mbao, nayo imetandazwa mchanga laini. Huko Amsterdam wanasema ni desturi ya zamani ya Kiholanzi: mchanga hunyonya unyevu na tope la viatu, na huzima mshindo wa miguu. Lakini katika kisiwa cha Curaçao, ambako watu wa kusanyiko hili walijenga sinagogi jingine mwaka 1732, nalo lina mchanga, wazee huwaambia watoto jambo tofauti: kwamba ni kumbukumbu ya siku za Ureno, baba zao walipomwaga mchanga sakafuni ili jirani asisikie nyayo za waombaji. Sisi hatutaki kuamua kati ya hizo mbili. Waliosali kwa kunong'ona msituni wataichagua ya pili.

Ndani ni chumba kimoja kirefu. Nguzo nne kubwa za mawe zinabeba dari la mbao lililojengwa kwa matao matatu marefu. Nguzo nyingine kumi na mbili, ndogo, zinabeba roshani ya wanawake. Wanazihesabu kwa makabila ya Israeli. Madirisha ni 72, kwa hiyo mchana nyumba huwaka nuru. Usiku huwashwa mishumaa kama elfu moja, kwenye vinara vinne vikubwa vya shaba vinavyoning'inia na vingine vidogo kwenye viti. Umeme haujaingizwa mpaka leo katika chumba hicho, wala moto wa kupasha joto. Wakati wa baridi watu husali katika jengo dogo la uani. Mchoraji Emanuel de Witte alichora ndani yake mwaka 1680, na anayeingia leo anakuta karibu yale yale. Kwa hiyo ndugu wanaoona haya kwamba kanisa letu halina taa za sola wapumzike kidogo.

Upande wa kusini mashariki, unaoelekea Yerusalemu, lipo sanduku kubwa la kuhifadhia magombo ya Torati. Limetengenezwa kwa mti wa jakaranda wa Brazil. Si ule wa maua ya zambarau unaopandwa barabarani. Huu ni mti mweusi mweusi, mgumu, ndugu wa mpingo wetu. Upande wa pili, mbali, kuna jukwaa la kusomea. Viti havielekei mbele kama vyetu. Vimepangwa kwa urefu, nusu ya watu wakiitazama nusu nyingine, na katikati ni njia. Siku ya kusoma, gombo hutolewa katika sanduku na kuchukuliwa katikati ya watu mpaka jukwaani. Neno linapita kati yao, na kila mtu anaona uso wa mwenzake.

Lugha nayo ilibaki. Karne kadhaa baada ya Ureno kuwatesa, kusanyiko bado linaombea familia ya kifalme ya Uholanzi kwa Kireno.

Tusiwafanye malaika. Wayahudi wengine, wa Ujerumani na Poland, walikimbilia Amsterdam baadaye wakiwa maskini kabisa, hasa baada ya mauaji ya mwaka 1648 huko Ukraine. Wareno waliwapa sadaka, lakini waliwakalisha mbali, wala hawakupenda kuoana nao. Hao wakajijengea sinagogi lao ng'ambo ya njia, lililomalizika mwaka 1671. Tunajua wenyewe jinsi waliofika hapa mwanzo wanavyowaita waliofika jana. Tena baadhi ya fedha za mji ule, pamoja na za Wayahudi hao wa Kireno, zilitoka katika sukari ya Brazil, na sukari ile ililimwa na Waafrika watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa Angola na Kongo. Sanduku lile zuri lilitoka katika nchi hiyo hiyo.

Uraia kamili waliupata mwaka 1796, miaka 121 baada ya kufungua mlango. Kisha ukaja mwaka 1940, Ujerumani ikaingia Uholanzi. Februari 1941, katika uwanja ulio kando ya sinagogi, askari walikamata vijana wa Kiyahudi zaidi ya 400. Siku mbili baadaye wafanyakazi wa Amsterdam, wasio Wayahudi, waligoma. Treni za mjini zilisimama na bandari ikasimama. Sanamu ya mfanyakazi wa bandari imesimama hapo tangu 1952. Mgomo ulivunjwa kwa risasi. Kati ya Wayahudi wapatao 140,000 waliokuwa nchini humo, zaidi ya 100,000 waliuawa. Esnoga halikuguswa. Nguzo, vinara, mchanga, vyote vilibaki, na Mei 1945 waliosalia walisali humo. Masinagogi ya jirani zao ng'ambo ya njia yaliporwa mbao, na watu wa kuyajaza hawakuwapo tena. Tangu 1987 ni makumbusho. Katika Esnoga ibada inaendelea, kwa kusanyiko dogo, na wageni hulipa kiingilio kuja kuitazama nyumba.

Limebaki swali la mama. Ipo desturi ya Kiyahudi, ya nyumba za kuishi. Baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, watu wengine waliapa kutokula nyama wala kunywa divai kwa ajili ya msiba. Rabi mmoja, Yoshua, aliwaonyesha kwamba kwa hesabu hiyo wangepaswa kuacha na mkate, na matunda, na maji. Kisha akawafundisha kwamba kutoomboleza kabisa haiwezekani, na kuomboleza kupita kiasi watu hawawezi kustahimili. Kwa hiyo mtu apige nyumba yake lipu, ila aache sehemu ndogo bila lipu. Wengi huacha dhiraa moja kwa dhiraa moja, mkabala wa mlango, mahali anayeingia atapaona.

Pendekezo letu wachungaji ni hili, nalo ni pendekezo tu: tuchome matofali. Upande wa machweo, ng'ambo ya ziwa, ambako ndiko kwetu, tuache dhiraa moja ya ukuta bila lipu. Tulikwenda kwa mama yule tukamweleza kabla ya kuandika hapa. Akauliza dhiraa ni kiasi gani. Tukamwonyesha, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Akasema ni ndogo mno. Kamati imsikilize na yeye.

Kikao ni Jumamosi hii, baada ya mgao, chini ya turubai. Mvua ikinyesha tutakutana katika darasa la kwanza.